Datsun nyekundu ya Safari imo kisandukuni Shizuoka; nani ataiunga Kampala?

Juu ya kifuniko cha kisanduku kuna gari jekundu lenye boneti nyeusi, taa za ziada mbele na namba 11 mlangoni. Pembeni yameandikwa maneno mawili ambayo msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kutafsiriwa: Safari Rally. Ukifungua, hukuti gari. Unakuta fremu za plastiki zenye vipande vidogo vilivyoshikamana kama dagaa kwenye kijiti, matairi laini ya mpira, vioo vya plastiki angavu, karatasi ya stika na mwongozo wenye michoro. Kazi ya kuligeuza hilo lote kuwa Datsun 240Z ni yako.

Kisanduku hicho hutengenezwa na Hasegawa, kampuni ya mji wa Yaizu katika mkoa wa Shizuoka, Japani. Kipimo chake ni 1:24, maana yake kila sentimita 24 za gari halisi zimekuwa sentimita moja. Datsun 240Z ilikuwa na urefu wa mita nne na kitu. Ikimalizika mezani ni sentimita 17 hivi. Hununuliwa Japani, Ulaya na Marekani, na watu wengi wanaolijua gari hilo kwa kila nukta ya rangi yake hawajawahi kukanyaga barabara lililoshindia.

Sisi tunaoishi kando ya barabara hizo ndio hatuna.

Tukumbushane kidogo. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, zikiwa za kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilikuwa mbio za nchi tatu kwa maana halisi: dereva alivuka mipaka, akala vumbi la huku na matope ya kule. Mwaka 1972 zilianzia Dar es Salaam. Mwaka 1971 mshindi alikuwa Edgar Herrmann akiongozwa njia na Hans Schüller, katika hiyo Datsun nyekundu ya kwenye kisanduku. Wa pili, katika 240Z nyingine, alikuwa kijana mzaliwa wa Uganda, Shekhar Mehta.

Mehta anastahili aya yake mwenyewe. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin ilipowafukuza Waasia, familia yake ilikuwa miongoni mwa waliong'olewa, na yeye akaendelea na maisha Kenya. Miezi michache tu baadaye, Pasaka ya 1973, alishinda Safari kwa 240Z baada ya kumaliza akiwa sawa kwa pointi na Harry Källström wa Sweden. Waamuzi walilazimika kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Kisha akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano. Hakuna aliyewahi kushinda mara nyingi zaidi. Alifariki mwaka 2006. Muulize kijana wa Kampala jina hilo leo, uone atakavyokutazama.

Kuanzia mwaka 1974 mbio zikawa Safari Rally tu, neno "Afrika Mashariki" likadondoka jinani, na njia ikabaki Kenya. Miaka mitatu baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani nayo ikavunjika. Leo Jumuiya ipo tena na Safari imerudi katika mashindano ya dunia tangu 2021, pale Naivasha. Lakini zile mbio za nchi tatu zimebaki kwenye picha, kwenye kumbukumbu za mafundi waliozeeka, na kwenye visanduku vya plastiki.

Fundi wa gereji, ila kwa udogo

Mtu anayedhani kuunga modeli ni mchezo wa mtoto kupachika vipande, na aende kwa fundi wa rangi pale Katwe, au Grogan mjini Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, amwangalie kutwa nzima. Kazi ni ile ile kwa hatua zile zile. Tofauti ni kwamba mlango wa fundi wa Katwe hubebwa na watu wawili, na wa modeli hupotea chini ya kochi.

Vipande hukatwa kwenye fremu kwa koleo ndogo, si kwa kuvinyonga kwa vidole, maana plastiki ikinyongwa hubaki na kidonda. Alama ya mkato husuguliwa kwa msasa wa maji. Gundi ya kazi hii haigandishi kama gundi ya karatasi. Ni kimiminika kinachoyeyusha plastiki kidogo pande zote mbili, zikashikana na kuwa kitu kimoja, kama vyuma vilivyochomelewa. Kwa hiyo hupakwa kidogo sana, kwa brashi nyembamba, na ikishashika hakuna kurudi nyuma.

Bodi hupigwa puti kwenye mashimo, ikasuguliwa, ikapigwa praima, ikasuguliwa tena, ndipo rangi. Hapa mafundi wetu wana faida na hasara. Faida ni kwamba wanajua tayari kupuliza: umbali wa mkono, kuanza kupuliza kabla ya kufika kwenye bati na kuacha baada ya kulipita, tabaka jepesi mara nyingi badala ya tabaka zito mara moja. Hasara ni tina. Tina kali ya gereji huila plastiki ya modeli. Bodi nzuri hugeuka ngozi ya mamba mbele ya macho yako. Anayetumia rangi za gereji lazima atangulize praima inayofaa plastiki, apulize ukungu mwembamba mno na kusubiri ukauke kabisa, na ajaribu kwanza kwenye kipande cha fremu kisicho na kazi.

Kisha kuna hesabu ya udogo, na hapo ndipo watu hutenganishwa. Rangi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita haionekani kuwa nene. Katika dunia ya 1:24 ni unene wa milimita mbili na zaidi, kama vile gari limepakwa uji. Mistari ya milango huzibika na beji ya jina la gari huyeyuka. Ndiyo maana wanaojua hupaka kidogo, na wengi hununua bunduki ndogo ya rangi yenye ncha kama kalamu na kompresa ya kimya inayokaa chini ya meza.

Vitu vingine havihitaji kununuliwa. Fremu tupu zilizobaki huzitupi: ukiipasha moja juu ya mshumaa ikalainika na kuivuta taratibu, hutoka uzi mwembamba wa plastiki unaofaa kuwa antena ya redio. Nyuzi za shaba za ndani ya waya wa umeme huwa mabomba ya breki. Sindano ya hospitali, mpya na isiyotumika, hukatwa ikawa ekzosi. Karatasi ya fedha ya chokoleti huchukua nafasi ya kromu kwenye fremu za madirisha, ikibandikwa kwa gundi nyepesi na kukatwa kwa wembe mpya. Wembe mpya, narudia; mkuukuu huchana.

Na dirisha liwe wazi. Mvuke wa gundi na tina huumiza kichwa na mapafu katika chumba kimoja kile unacholala. Mtoto afanye kazi hii akiwa na mtu mzima karibu, au aanze na zile modeli za kubonyeza zisizohitaji gundi.

Swali la vumbi

Gari la Safari likimaliza kuungwa linang'aa, na hapo ndipo huwa la uongo. Gari la Safari halikung'aa ila asubuhi ya kwanza. Mafundi wa modeli wana kazi maalumu ya kuchakaza: kulifanya gari lionekane limekula kilomita.

Nimeona picha nyingi za modeli za Safari kutoka Ulaya na Japani, na nitasema wazi kwamba wengi hukosea udongo. Huwa wa kahawia, kama matope ya bustani ya Uingereza. Mtu aliyewahi kusafiri juu ya gari la mizigo kutoka Mubende, au kutoka Singida, au ndani ya Taita, anajua kwamba vumbi letu la barabara ni jekundu lenye kuelekea rangi ya chungwa, linakaa juu ya kila kitu kama unga, na linaingia hadi kwenye mikunjo ya milango. Matope ni jambo jingine. Udongo mweusi wa mbuga hunata, hujaa ndani ya matao ya magurudumu, ukikauka hugeuka kijivu na kupasuka. Gari moja laweza kubeba vyote viwili: weusi chini, wekundu juu, kwa kuwa lilipita bondeni kwanza na juani baadaye. Tabaka hizo ni historia ya safari, na anayezipanga kinyume anasimulia njia ambayo haipo.

Je, si rahisi kuchota udongo wenyewe nje na kuumwaga? Hesabu inakataa. Chembe ya mchanga yenye upana wa nusu milimita, kwa 1:24, ni kokoto ya milimita 12. Gari litaonekana limemwagiwa kifusi. Udongo lazima ukaushwe, usagwe kwenye kinu hadi uwe laini kuliko unga wa sembe, uchekechwe kwa kitambaa cha soksi nyembamba, ndipo upakwe kwa brashi kavu. Wengine husugua chaki za rangi kwenye msasa na kutumia unga wake. Mimi ningechagua udongo wenyewe. Hakuna kiwanda cha Japani kinachouza wekundu wa Mubende kwa kopo, na sisi tunao bure.

Vioo navyo vina siri. Kabla ya kupuliza vumbi, kata karatasi ya kunata kwa umbo la nusu duara lililopitiwa na waipa, ibandike, puliza, ibandue. Dereva sasa anaona mbele. Ile ya taa za juu ya mabawa ya mbele, zilizopachikwa pale magari yaonekane na watu wakati yanapokuja ndani ya vumbi, husafishwa kidogo katikati kwa pamba, kwa kuwa utingo wa timu alizifuta kila kituo. Kumbuka Safari ilikimbiwa kwenye barabara zilizo wazi kwa kila mtu: basi, baiskeli, ng'ombe.

Zaidi ya Datsun, wapo wengine. Aoshima na Beemax wametoa Toyota Celica ya 1985, ile iliyompa Juha Kankkunen ushindi akiwa mgeni kabisa wa Safari. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka mitatu mfululizo ya Celica hiyo: 1984 na 1986 alishinda Björn Waldegård.

Kwa nini Shizuoka

Shizuoka ni mkoa wa milima, chai na mbao. Kwa vizazi kulikuwa na mafundi seremala na wachongaji waliovutwa huko na ujenzi wa mahekalu, na ufundi wa mbao ulizaa vitu vya kuchezea vya mbao. Aoshima ilianza 1924. Hasegawa ilianza 1941. Tamiya, inayojulikana kuliko zote, ilianza 1946 kama kiwanda cha kupasua mbao cha Yoshio Tamiya, ikaingia kwenye modeli za mbao, na 1960 ikatoa modeli yake ya kwanza ya plastiki, meli ya kivita Yamato.

Mtoto wake, Shunsaku, aliyefariki 2025, ndiye aliyeifanya iwe jina la dunia. Kuna kisa chake ambacho hupenda kusimuliwa, na ni cha kweli: katika miaka ya 1970, akitaka kutengeneza modeli kubwa ya Porsche 934, alinunua Porsche 911 halisi na kuifungua kipande kwa kipande ili ipimwe. Modeli ya 1:12 ilitoka 1976, na mwaka huo huo bodi yake ikawekwa kwenye chesisi yenye mota, likawa gari la kwanza la Tamiya la kuendeshwa kwa redio. Biashara ya magari ya redio ikawa kubwa, na ikafika hadi malori ya kipimo cha 1:14 yenye gia na sauti ya injini.

Kila Mei mji wa Shizuoka hufanya maonyesho ya modeli, na pamoja na viwanda huja vikundi vya watu wa kawaida na meza zao. Kilichoanza kama mabaki ya mbao kimekuwa utambulisho wa mkoa mzima.

Marekani, njia ilikuwa tofauti: ilianzia kwa wauza magari. Kampuni kama AMT, iliyoanza 1948 jimboni Michigan, zilitengeneza magari madogo ya plastiki ya 1:25 kwa ajili ya vyumba vya maonyesho, ili mteja aone umbo na rangi ya toleo la mwaka. Mwaka 1958 AMT ikayatoa magari hayo katika vipande, na kisanduku kimoja kikawa na njia tatu za kuliunga: kama lilivyotoka kiwandani, kama gari la mashindano, au gari lililorembwa. Hiyo njia ya tatu ndiyo iliyowasha moto. Vijana wa California walikuwa wanakata paa za magari na kuzishusha, wanaziba mishikio ya milango, wanapaka rangi za miali ya moto. Sasa mtoto asiye na leseni wala pesa aliweza kufanya yote hayo kwenye meza ya jikoni. George Barris, fundi maarufu wa magari ya kurembwa, alifanya kazi na AMT. Jina la AMT bado lipo sokoni, ingawa limepita mikono kadhaa.

Nikisoma habari hizo huwa nafikiria matatu. Kijana wa Nairobi anayeshusha springi, kubadili rimu na kuchora uso wa mwanamuziki ubavuni angeelewana na Barris bila mkalimani.

Lori la Malaba kwa sentimita 69

Kwa wasomaji wetu, naona utamu zaidi upo kwenye malori kuliko magari madogo. Sababu ni kwamba malori yaliyomo kisandukuni ndiyo yanayotupita kila siku.

Italeri, kampuni ya Italia iliyopo Calderara di Reno karibu na Bologna, imekuwa ikitoa malori ya Ulaya kwa 1:24 tangu miaka ya 1980: Volvo F12 na F16, Scania 142 na 143, Mercedes-Benz Actros, DAF, Iveco. Simama Malaba au Busia saa moja tu utahesabu nusu ya orodha hiyo kwenye foleni. Lori na tela lake la mita 16 na nusu, likiungwa, linafika sentimita 69. Linahitaji rafu yake peke yake. Wamarekani nao wana Peterbilt na Kenworth zenye pua ndefu kwa 1:25. Na Aoshima ya Japani hutoa kwa 1:32 malori ya Fuso, Isuzu na Hino yaliyorembwa kwa taa na michoro hadi yakafanana na hekalu linalotembea, mtindo uliovuma Japani tangu filamu za madereva wa malori za miaka ya 1970. Tanzania na Uganda "fuso" ni jina la lori lolote la ukubwa ule, hata likiwa Isuzu.

Lakini lori likitoka kisandukuni Italia, ni la Ulaya. Kulifanya lori la Ushoroba wa Kaskazini, lile la Mombasa hadi Kampala na Kigali, ni kazi ya kurekebisha inayodai macho.

Kwanza usukani. Modeli nyingi za malori hayo huja usukani kushoto, baadhi zikiwa na dashibodi zote mbili. Kwa Kenya, Uganda na Tanzania lazima uhamie kulia, na si dashibodi peke yake: waipa hulala upande wa pili, na vioo vya pembeni hubadilishana urefu wa mikono. Kwa Rwanda, Burundi na Kongo acha ulivyo kushoto. Hapo modeli inaonyesha jambo ambalo Jumuiya inaishi nalo kila siku mpakani: dereva wa Dar es Salaam akivuka Rusumo anahamia upande wa kulia wa barabara na usukani wake ukiwa upande huo huo wa kulia, na ni utingo anayemwambia kama njia ni nyeupe kabla hajampita mwenzake.

Pili, tela. Tela la Ulaya lina mapazia laini ubavuni. La kwetu mara nyingi ni jukwaa la kontena, au lina mbao na maturubai yaliyofungwa kwa kamba. Turubai zuri hutengenezwa kwa karatasi ya shashi iliyolowekwa gundi nyeupe yenye maji, ikatandikwa juu ya mzigo ingali mbichi ili ikauke na mikunjo yake. Kamba ni uzi wa kushonea. Chini ya tela weka sanduku la vyombo vya kupikia, jeri kani la maji, tairi la akiba lililofungwa mnyororo. Lori lisilo na jeri kani limetoka kiwandani jana.

Tatu, maandishi. Namba ya tela la Kenya huanza na Z, tofauti na kichwa. Namba za Tanzania huanza na T. Uzito huandikwa mlangoni. Lori la mzigo wa kupita lina maneno TRANSIT GOODS kwa herufi kubwa, na mlango wa kontena una kufuli ya kielektroniki ya forodha. Kifaa cha sentimita 20 kitakuwa na milimita nane tu, nusu ya punje ya haragwe. Nyuma, vibandiko vyekundu na vyeupe vya kuakisi mwanga, na methali au jina la mama mzazi. Yote hayo huchapwa kwenye karatasi ya stika kwa mashine ya kawaida ya ofisini, yakafunikwa vanishi, yakakatwa na kuwekwa kwa maji.

Uchakavu wa lori ni wa chumvi. Bodi hupakwa kwanza rangi ya kutu. Ikikauka, unalowesha sehemu za pembe na bampa, unanyunyiza chumvi ya mezani, unaiacha ikauke ikishikilia. Kisha unapuliza rangi ya lori juu ya kila kitu. Ukisugua chumvi ikatoka, kutu huchungulia kwenye madoa yasiyo na mpangilio, kama mwenyewe Mombasa alivyoishi karibu na bahari kwa miaka kumi.

Wanaounga bila kisanduku

Inafaa kusema hili bila kuficha: kisanduku kutoka Japani au Italia si bei ya kijana wa kawaida. Juu ya bei yake kuna posta, ambayo mara nyingi hukaribia thamani ya bidhaa, na ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa bidhaa za nje. Rangi na gundi ni ngumu zaidi; zinashika moto, kwa hiyo mashirika mengi ya usafirishaji hayazipandishi kwenye ndege kama kifurushi cha kawaida.

Lakini ufundi haukusubiri kisanduku. Kila mtoto aliyekulia eneo hili aliona gari la waya lenye mti mrefu wa usukani, matairi ya ndala na taa za vifuniko vya soda. Katika miaka ya karibuni vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wamekwenda mbali: wanatengeneza mabasi, matatu na malori ya kadibodi au ya ubao mwepesi wa plastiki unaotumiwa na wachora mabango, yenye milango inayofunguka, viti vilivyoshonewa vitambaa, taa zinazowaka na mziki ndani. Hupima basi halisi kituoni kwa futi ya mshonaji, wakagawanya kwa kichwa. Huyo mtu wa Marekani au Japani anayeitwa bingwa wa kutengeneza kila kitu mwenyewe, bila kisanduku, hufanya kazi hiyo hiyo na hupewa kikombe.

Kwetu hupewa pesa ya mchezo wa mtoto. Hapo ndipo nina ugomvi. Mtu anapouza basi la wiki tatu kwa bei ya mwanasesere wa plastiki wa dukani, anauza vipimo, uchoraji, umeme na rangi kwa pamoja, na mnunuzi wake haoni kimojawapo. Hao hao ndio wanaotafutwa kesho na ofisi ya msanifu majengo kwa modeli ya jumba, au na kampuni ya mabasi kwa zawadi za wateja, ila hawajui pa kuwatafuta kwa sababu wamepangwa na wauza vitu vya watoto kando ya barabara.

Na kuna soko jingine walilokaa juu yake. Watu wa Ulaya na Japani wanaotafuta kila picha ya Datsun ile wanakosa kitu ambacho kwetu bado kipo, kwa muda. Tairi la pili la akiba lilifungwa wapi? Mkanda ulikuwa wa ngozi au wa turubai? Upande wa ndani wa mlango ulipakwa rangi au uliachwa? Waliofunga mikanda hiyo walikuwa mafundi wa hapa, katika gereji za Nairobi, Kampala, Arusha na Dar es Salaam. Walio hai ni wazee wa miaka 70 na 80. Picha zao zimo kwenye masanduku ya bati chini ya vitanda, zikiliwa na mende. Modeli ya Mehta ya 1973 iliyoungwa Kampala na kijana aliyekaa jioni tatu na mzee wa aina hiyo itakuwa na mambo ambayo Shizuoka haijawahi kuyapima.

Kuhusu kuuza nje ya nchi yako, jambo moja wengi wa watengenezaji hawa hawalijui. Chini ya Umoja wa Forodha ulioanza mwaka 2005, bidhaa iliyotengenezwa ndani ya nchi mwanachama haipaswi kutozwa ushuru wa forodha inapovuka kwenda nyingine, na kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kuna cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa pale pale mpakani. Basi la kadibodi la Mbale linaweza kwenda Kigali kwa karatasi hiyo. Livushe likiwa ndani ya sanduku gumu lenye nafasi ya vidole vinne kila upande, lifunge kwa chini ya chesisi na si kwa bodi, na vioo vya pembeni uvitoe na kuvifunga peke yake, maana ndivyo vinavyovunjika kwanza.